Bei ya Kukaa Karibu na Maji

Muhula uliopita mwalimu wetu wa tafsiri alitupa kipande cha Kiingereza kuhusu meli za kitalii. Kilimshauri msafiri jinsi ya kuchagua chumba. Achukue chumba chenye roshani, kilisema, na kama kweli anaipenda bahari asikimbilie sitaha za juu. Achague roshani ya chini, iliyo karibu na maji. Sababu zilitolewa. Chini meli haiyumbi sana kama juu. Chini mtu husikia mawimbi yakipiga ubavu wa meli, hunusa chumvi, na pomboo akipita humwona bila darubini. Hasara yake ni kwamba siku ya upepo mkali maji huweza kuruka mpaka kwenye kiti alichokalia.

Tulitumia karibu nusu ya kipindi kubishania neno moja. Wengine walitaka kuandika "baraza", wengine "varanda". Mimi nilishikilia "roshani", kwa sababu baraza ni mahali pa kukaa na watu, na msafiri huyu amelipa ili asikae na mtu. Kisha mwenzetu mmoja anayetoka Bududa, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza, "Yaani mtu anatoa pesa ili alale karibu na maji?" Darasa likacheka. Akaongeza, "Kwetu serikali imewajengea watu nyumba ili waondoke karibu na maji, na wengine wamerudi." Kicheko kikaisha. Mwalimu akatazama saa yake, tukaendelea na tafsiri.

Swali lake limenisumbua tangu siku hiyo, nami nataka kulijibu hapa kadiri ninavyoweza. Mtu mmoja anachagua kukaa karibu na maji kwa ajili ya raha. Mwingine anakaa karibu na maji kwa kukosa pa kwenda. Je, yule wa kwanza ametenda kosa lolote? Na kama hajatenda kosa, kwa nini darasa zima lilinyamaza?

Baba yangu ni Msoga wa Jinja na mama yangu ni Mgisu wa Mbale. Miji hii miwili haiko mbali. Ukipanda taksi Jinja asubuhi, ukapita Iganga na kushika barabara ya Tirinyi, ukavuka kinamasi cha Mpologoma, kabla ya chakula cha mchana mwamba wa Wanale umesimama mbele yako. Lakini kwa habari ya maji ni kama nchi mbili. Jinja, bei hupanda kadiri unavyoyakaribia. Mbale hushuka.

Bei ya Jinja naijua kwa sababu likizo ya mwaka 2023 nilifanya kazi ya kutandika vitanda katika nyumba ya wageni kando ya Nile. Vyumba vinavyotazama bustani vilikuwa shilingi 180,000 kwa usiku, vinavyotazama mto 320,000. Vitanda vilikuwa vilevile, neti zilezile, na sabuni ileile ndogo inayoteleza mkononi. Shilingi 140,000 nzima zilikuwa za dirisha. Mgeni mmoja, mama mzee kutoka Ulaya, alihamishwa chumba mara mbili mpaka akapewa cha mwisho kabisa, ambacho roshani yake imesimama juu ya nguzo na maji yanapita chini yake. Asubuhi nilipompelekea chai nilimkuta ametulia, anamtazama mvuvi katika mtumbwi. Nikasimama na sinia langu, nikatazama pia. Mvuvi yule alikuwa karibu na maji kuliko sisi sote, na hakuvaa jaketi la kuokolea. Alipendeza kutazamwa, nakiri.

Bei ya Mbale naijua kwa mama mdogo wangu, anayekaa Namatala, mtaa wenye jina moja na mto unaoupitia. Nilipoanza chuo nilikaa kwake miezi miwili. Ni safu ya vyumba saba vya kupanga, vile tunavyoviita mizigo. Chumba cha kwanza, kilicho upande wa barabara, kilikuwa shilingi 90,000 kwa mwezi. Cha saba, kilicho upande wa mto, kilikuwa 50,000. Mama mdogo anakaa cha saba. Kwa hiyo hatua thelathini za kuelekea maji, ambazo Jinja zinaongeza bei karibu mara mbili, Namatala zinaipunguza karibu nusu.

Sababu ya punguzo hilo kila mtu wa Mbale anaijua. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mvua ilinyesha mlimani, na mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake. Watu zaidi ya 20 walikufa, magari yakasombwa, na mabomba ya maji ya mji yakaharibika, hivi kwamba watu waliofurikiwa walikosa maji ya kunywa. Chumba cha saba kilijaa mpaka juu ya kitanda. Mama mdogo na watoto walikuwa wameshatoka. Walilala usiku ule kwa jirani wa chumba cha kwanza, yule wa shilingi 90,000.

Basi mgeni wa Jinja ananunua nini? Kama maji yenyewe ndiyo yangekuwa na thamani, Namatala ingekuwa ghali. Nadhani ananunua maji pamoja na uwezo wa kuyaacha. Ananunua ule ukingo wa mbao anaouegemea, na sanduku lenye magurudumu, na barabara ya kwenda Entebbe. Mlinzi wa pale alinieleza kwamba Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipojaa, kipimo cha Jinja kilipofika mita 13.42 na kuvunja rekodi ya mwaka 1964, maji yaliingia katika chumba kile cha mwisho. Ilikuwa wakati wa karantini, hapakuwa na mgeni hata mmoja. Chumba kilifungwa, maji yalipopungua kikasafishwa na kupakwa rangi, kikarudi sokoni kwa bei yake. Hakuna aliyelala jirani.

Wanafalsafa wameliona jambo hili zamani. Mshairi wa Kirumi Lucretius, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba kuna utamu katika kusimama nchi kavu na kutazama chombo cha mtu mwingine kikihangaika na dhoruba. Alijitetea papo hapo: utamu huo hautokani na kufurahia mateso ya mwenzako, bali na kujua kwamba wewe uko salama. Kant naye, mwaka 1790, alisema kwamba bahari iliyochafuka na maporomoko makubwa hutupandisha moyo iwapo tu tunayatazama kutoka mahali salama. Akiwa na hofu ya kweli mtu haoni uzuri. Anaona njia ya kukimbilia. Hii ndiyo siri ya roshani ya chini. Inamleta mtu karibu na kitu cha kutisha hadi pale ambapo kitisho hugeuka kuwa uzuri, na inamsimamisha hapo.

Lakini Lucretius alisahau kumwuliza yule aliye ndani ya chombo, na hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana.

Kabla sijaenda mbali, nijipinge mwenyewe. Yule mama mzee wa Jinja hakumdhuru mtu. Kama angechukua chumba cha bustani, chumba cha saba cha Namatala kisingekauka hata sentimita moja. Pesa yake ililipa mshahara wangu, na sehemu yake nilimtumia mama mdogo kwa simu. Kupenda mto si dhambi. Mtu akiniambia kwamba kila raha ni kosa maadamu kuna mwenye taabu mahali fulani, nitamjibu kwamba kwa kipimo hicho hata mimi kusoma falsafa ni kosa, na huenda mama yangu angekubaliana naye. Kwa hiyo hoja ya kwamba mwenye raha anamwibia mwenye taabu haisimami, angalau kati ya Jinja na Mbale, ambako kuna umbali wa kilomita zaidi ya 100 na mito tofauti.

Katika meli mambo ni mengine. Meli ni nyumba moja. Tundu lililotobolewa chini ni la wote, na anayelala juu na anayelala chini wanaelea kwa ubao mmoja. Ndiyo maana nadhani mwenzetu wa Bududa aliuliza swali sahihi mbele ya maandishi sahihi. Kile kipande cha Kiingereza kiliongea kana kwamba vyumba vya chini kabisa melini ni vile vya roshani. Sivyo. Katika meli kubwa za kitalii, chini ya roshani ya chini kuna vyumba vya wafanyakazi, vingi vikiwa usawa wa maji au chini yake, na bila dirisha. Mpishi, mfua nguo, na kijana mtandika vitanda kama mimi, hao wamelala kichwa kikiwa karibu na bahari kuliko abiria yeyote, na hawaioni. Aliyelipia ukaribu anauona. Aliyelipwa kuwa karibu anausikia tu kupitia chuma.

Historia inatuonyesha mpangilio huo unavyokuwa siku ya ajali. Titanic ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na watu wapatao 2,200 na boti za kuokolea zenye nafasi 1,178. Abiria wa daraja la kwanza waliopona ni zaidi ya nusu, wa daraja la tatu ni kama robo. Hakuna haja ya kusema kwamba kila mtu wa juu alikuwa katili. Wengi wao hawakuwahi kufikiri kuhusu hesabu ya boti. Walifikiri kuhusu vyumba.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko katika ziwa letu. MV Bukoba, iliyoundwa mwaka 1979, ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa husemwa kwa makadirio, mamia mengi, huku wengine wakikaribia elfu moja. Nimesoma sentensi ile kuhusu orodha mara nyingi. Tumezoea kusema kwamba tofauti ya madaraja ni tofauti ya kitanda, chakula na upepo. Kumbe siku ile ilikuwa pia tofauti ya kuhesabiwa. Aliyenunua tiketi ya juu alinunua, bila kujua, jina lake katika karatasi. Wa daraja la tatu aliingia ziwani kama mzigo, na mizigo kwa kawaida huandikwa.

Hapa naona ninaloweza kuliita kosa. Kuchagua chumba kizuri si kosa. Kosa linaanza pale ninapokubali, kama sehemu ya bei niliyolipa, kwamba wengine katika chombo kilekile wasihesabiwe. Baada ya Titanic mataifa yalikutana London, na mwaka 1914 yakatia saini mkataba wa usalama baharini uliotaka boti za kutosha watu wote waliomo. Mkataba huo haukufuta daraja la kwanza. Uliacha mazulia na vyumba vyenye mandhari, ukasema tu kwamba kiti cha kuokolea hakiuzwi kwa madaraja. Kwangu huo ni mstari mzuri: mandhari inaweza kuuzwa, kuokolewa hakuwezi. Najua mstari huu haujibu kila kitu. Hausemi kwa nini mmoja awe na mandhari na mwingine asiwe nayo. Lakini mtu anayezama hana muda wa swali hilo.

Sasa turudi Namatala, kwa sababu huko hakuna meli, na mtu anaweza kuniambia kwamba mfano wangu umeishia bandarini. Kanuni za mwaka 2000 za Uganda zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ziwa kama Viktoria na mita 100 kutoka mito iliyoorodheshwa. Kwa kanuni hizo chumba cha saba hakikupaswa kujengwa, na sina hakika kama kile cha Jinja chenye nguzo kilipaswa. Watu wengi husema suluhisho ni kuwahamisha wote. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alitoa mfano wa daraja bovu. Mtu akitaka kulivuka na hajui kuwa ni bovu, na hakuna muda wa kumwambia, unaweza kumkamata na kumrudisha, maana hataki kuanguka mtoni. Lakini kama anajua, na anaamua kuhatarisha maisha yake, kazi yako ni kumwonya tu, si kumzuia.

Nilipousoma mfano huo mara ya kwanza niliona umemaliza kila kitu. Mama mdogo anajua daraja ni bovu. Watu wa Bududa wanajua; tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi na kuua mamia, na Oktoba 2018 matope na mawe yakaua tena. Baadhi ya walionusurika mwaka 2010 walipelekwa Kiryandongo, na mwaka 2019 serikali ikaanza kuwahamishia wengine katika nyumba za Bunambutye, chini kwenye tambarare ya Bulambuli. Wengine walirudi mlimani kwenye kahawa, migomba na makaburi yao. Wanajua, wamechagua, basi tuwaonye na tuwaache. Mill ametosheka.

Sidhani. Mill hakutuambia ng'ambo ya daraja kuna nini. Kama nyumbani kwa mtu ni ng'ambo, na daraja zuri liko kilomita kumi, na ushuru wa daraja zuri ni shilingi 90,000 na wa daraja bovu 50,000, je, kujua kwake kuna uzito gani? Aristotle anafaa zaidi hapa. Anauliza kuhusu nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba: je, ametenda kwa hiari? Hakuna anayetupa mali yake kwa kupenda. Lakini kila mwenye akili angeitupa ili aokoe maisha. Anasema kitendo hicho ni mchanganyiko, ingawa kinafanana zaidi na cha hiari, kwa sababu mkono uliotupa ulikuwa wake. Mama mdogo ametupa usalama ili aokoe shilingi 40,000, ambazo ni karo ya mtoto. Mkono ni wake. Dhoruba si yake.

Nilijivunia sana hoja hii. Nilimpelekea, nikaieleza kwa Kiswahili na Lugisu kwa kuchanganya, nikimwambia kwamba yeye hakuchagua kweli, alilazimishwa na bei. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unafikiri mimi sina macho?"

Nikasema, "Hapana, mama."

"Asubuhi jua likitoka nakaa pale nyuma na chai yangu. Maji yanapita. Upande wa barabara kuna vumbi na boda boda. Ungenipa chumba cha kwanza kwa 50,000 ningefikiri kwanza."

Jibu hilo liliharibu nusu ya insha yangu, na nimeliacha humu makusudi. Nilikuwa nimegawa dunia vibaya: Jinja wanaotazama, Mbale wanaotazamwa, huko uzuri, huku hatari. Kumbe mama mdogo ana roshani yake. Haina ukingo wa mbao wala nguzo, ni mkeka nyuma ya chumba cha saba. Anaona mto kama yule mama mzee alivyouona, na tofauti na yeye, anauona pia ukiwa na hasira. Nilipomnyima uhiari nilidhani namtetea. Nilikuwa namwondoa katika orodha kwa njia nyingine, kwa kusema kwamba maamuzi yake hayahesabiki.

Kwa hiyo silaumu kuchagua, kwa yeyote kati yao. Ninachodai ni kidogo, na labda ni kigumu zaidi. Anayechagua roshani ya chini aulize nani amelala chini yake, na kama jina lake limeandikwa, na kama ana jaketi. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa wameenda kufurahi, na sioni kwamba kufurahi ndiko kulikowaua. Na serikali inayomwambia mama mdogo ahame mita 100 iulize kwanza huko mita ya 101 chumba ni shilingi ngapi. Ikiwa haiwezi kumpa huko, basi inaweza kumpa king'ora kinacholia mvua inaponyesha mlimani, saa mbili kabla maji hayajafika mjini. Mill angekubali hilo. Ni onyo tu.

Juzi nilikwenda kumsalimu. Mwenye nyumba alikuwa amepaka safu nzima rangi ya maziwa, vyumba vyote saba, ndani na nje. Katika chumba cha saba amebakiza ukutani kipande kimoja karibu na mlango, upana wa kiganja, ambapo mstari wa matope wa mwaka 2022 unaonekana bado. Mama mdogo ndiye aliyemkataza mpaka rangi asikifunike. Alisema bila mstari ule hatajua ni wakati gani wa kuwaamsha watoto.